Kutega na kufyatua: mwongozo wa kuunda manjaniki ndogo (mtambo wa kale wa kurushia mawe) na kupima nishati yake

Majeshi ya kale yaliyozingira ngome yalikuwa na tatizo moja la kimaumbile. Misuli ya binadamu inaweza kufanya kazi kubwa, lakini inaifanya polepole. Jiwe la kilo 50 halirushwi kwa mikono hata ukusanye wanaume kumi wenye nguvu, kwani hawapati nafasi ya kulisukuma wote pamoja kwa muda mfupi na kwa kasi inayohitajika. Dawa yake ilikuwa kutega. Watu wanazungusha winchi kwa dakika nyingi, mtambo unaishikilia kazi yao, kisha kifyatuo kinaiachia yote kwa muda usiofika sekunde moja.

Ghala za kuwekea nishati hiyo zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kupinda. Mafundi waliokusanywa na Dionysios, mtawala wa mji wa Sirakusa, mwaka 399 KK walitengeneza upinde mzito uliofungwa kwenye kigogo chenye kitelezi na kifyatuo, na mpiga mshale aliutega kwa kuukandamiza kwa tumbo. Ya pili ni kusokota: mikono miwili ya mbao inachomekwa katika vicha vya kano za wanyama au nywele zilizosokotwa kwa nguvu. Hii iliingia katika karne ya 4 KK, na Aleksanda Mkuu aliitumia kuuzingira mji wa Tiro mwaka 332 KK. Ya tatu ni kuinua uzito, nayo ilichelewa sana. Manjaniki za awali, zilizoanzia China, zilivutwa na kundi la watu kwa kamba, kwa hiyo hazikuweka nishati yoyote; watu walitoa nguvu papo hapo jiwe linapoondoka. Manjaniki ya uzito mkubwa ilienea karne ya 12 katika nchi zinazozunguka Mediterania, na al-Tarsusi aliieleza mojawapo katika kitabu alichomwandikia Salahuddin.

Hapa tutaunda ya tatu kwanza, kwa sababu mbao za kawaida zinatosha na hesabu zake unaweza kuzikagua kwa tepu na mizani. Ya kusokota inafuata, ikiwa ndogo zaidi, kwa kuwa ina ukorofi wake.

Hesabu kabla ya msumeno

Nishati inayowekwa na uzito ulioinuliwa ni rahisi kuipata: kilo za uzito, mara 9.8, mara kimo cha kuanguka kwa mita. Jibu ni jouli, kipimo cha nishati. Mtambo wetu una uzito wa kilo 5 unaoanguka sm 28, kwa hiyo 5 × 9.8 × 0.28 inatupa karibu jouli 14.

Swali la maana zaidi ni hili: kati ya jouli hizo 14, ngapi zitaingia kwenye kombora? Boriti nayo inazunguka, makopo ya uzito nayo yanabembea, na vyote hivyo vinakula. Kuweka nishati hakumshindi mtu. Ufundi uko kwenye kuihamisha, na karibu kila kipimo kilichomo katika mwongozo huu kipo kwa ajili hiyo.

Kuna kanuni fupi inayokuonyesha dari ya mtambo wako. Kama nishati yote ingeingia kwenye kombora, likarushwa kwa pembe ya nyuzi 45 na hewa isilizuie, lingefika:

umbali = 2 × (kilo za uzito ÷ kilo za kombora) × kimo cha kuanguka

Mpira wa tenisi una gramu 57 hivi. Basi 2 × (5 ÷ 0.057) × 0.28 ni mita 49. Hutafika mita 49. Lakini ukigawanya umbali ulioupata kwa 49, unajua mtambo wako unapeleka sehemu gani ya nishati, na hicho ndicho kipimo cha kulinganishia kila badiliko utakalofanya.

Vifaa

Mbao tatu za 2×2 za futi 12 kwa ajili ya fremu. Boriti itoke kwenye mbao nyepesi iliyonyooka nyuzi na isiyo na kifundo, msonobari kwa mfano, yenye urefu wa sm 82 na unene wa sm 4 kwa 3. Nondo ya mm 12, urefu sm 50, kwa ekseli, na nyingine ya mm 10, urefu sm 26, ya kuning'inizia uzito. Bomba la PVC la nusu inchi, sm 30. Makopo mawili ya rangi ya lita 1, vipande vya nondo na mchanga wa kujazia. Waya wa kufungia nondo. Ubao mwembamba uliopigwa randa, sm 90 kwa 15, unene sm 2. Misumari ya inchi 3 na inchi 4, washa, vijicho vinne vya skrubu, pete ndogo ya chuma ya kitanzi cha funguo, kamba ya nailoni iliyosukwa ya mm 2, na kipande cha kitambaa cha jinzi. Andaa pia keekee, msumeno, msasa, tupa na pima maji.

Usitumie kamba ya mpira wala kamba inayonyumbuka popote kwenye kombeo. Inakunywa nishati, kisha inairudisha kombora likiwa limeshaondoka.

Fremu

1. Kata miguu miwili ya chini, sm 100 kila mmoja. Iweke sambamba ikiwa na nafasi ya sm 34 kati yake. Chini yake pigilia vipande vya kukingama: viwili vya sm 44 kwenye ncha na kimoja cha sm 80 katikati. Hicho cha katikati kinatokeza sm 18 kila upande. Ndicho kitakachozuia mtambo kuyumba kando.

2. Kata nguzo mbili za sm 50. Toboa tundu la mm 13 kwa kila moja, sm 46 kutoka chini. Toboa zote mbili zikiwa zimebanwa pamoja. Ukitoboa moja moja, ekseli itakaa mshazari na boriti itakuwa inasugua upande mmoja.

3. Simamisha nguzo juu ya miguu, katikati kabisa. Kila nguzo ishikwe na vikaza viwili vya sm 55 vya mbele na nyuma, vinavyoanzia sm 35 juu ya nguzo, pamoja na kikaza kimoja cha sm 40 kinachotoka kwenye ncha ya kile kipande cha sm 80. Kagua kwa pima maji. Fremu inayotikisika ni tundu la kuvujishia nishati: ukiiona inarukaruka baada ya kufyatua, jua hizo ni jouli ambazo mpira haukuzipata.

4. Laza ubao wa njia juu ya vipande vya kukingama, katikati ya miguu. Kutoka uso wa ubao huu hadi kitovu cha ekseli iwe sm 49. Hiki ndicho kipimo kinachotawala vingine vyote. Kikikosewa kwa sm 3, pembe ya kutegea na kimo cha kuanguka navyo vinabadilika. Paka ubao nta ya mshumaa ili kifuko cha kombeo kiteleze.

Boriti

5. Pima kutoka ncha moja. Kwenye sm 2 toboa tundu la mm 11 la nondo ya uzito, na kwenye sm 18 tundu la mm 13 la ekseli. Mkono mfupi, yaani kutoka ekseli hadi uzito, unakuwa sm 16, na mkono mrefu sm 64. Uwiano ni 1 kwa 4.

6. Sasa chonga mkono mrefu uwe unapungua taratibu, kutoka sm 4 kwa 3 kwenye ekseli hadi sm 2 kwa 2 kwenye ncha. Wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ya urembo, na hapo ndipo mtambo unapokosea. Mbao iliyo kwenye ncha inatembea kwa kasi mara nne ya ile iliyo kwenye mkono mfupi, na nishati ya mwendo inakua kwa kipeo cha pili cha kasi. Gramu 10 ulizoacha nchani zinakula nishati sawa na gramu 160 zilizoko sm 16 kutoka ekseli. Usichonge karibu na ekseli, maana hapo ndipo boriti hupinda zaidi na ndipo huvunjika.

7. Pitisha ekseli kwenye nguzo ya kwanza, kipande cha PVC cha sm 14.5, washa, boriti, washa, kipande cha pili cha PVC, kisha nguzo ya pili. Paka grisi. Boriti ikiguswa kwa kidole izunguke bila kusita.

8. Jaza kila kopo vipande vya nondo, ziba mianya kwa mchanga, pima lifike kilo 2.5, kisha funga mfuniko kwa waya. Ning'iniza kopo moja kila upande wa boriti, sm 8 kutoka katikati ya boriti, juu ya kopo pakibaki sm 3 za waya. Kunja ncha za nondo ya mm 10 ili makopo yasichomoke.

Makopo lazima yaning'inie. Usiyagandamize kwenye boriti. Uzito unaoning'inia huanguka karibu wima, na unapofika chini unakuwa umetulia. Uliogandamizwa unalazimika kufuata duara na kubaki na mwendo ambao haufaidi kitu. Mafundi wa karne ya 13 walijua jambo hili, na masanduku yao makubwa ya mawe na udongo yalining'inizwa kwa pini.

Kombeo na kifyatuo

9. Kata msumari wa inchi 3 kichwa, uchomeke kwenye ncha ya boriti kwa kufuata urefu wake, ubakie nje sm 3. Ulainishe kwa tupa, kisha kwa msasa mwembamba mpaka ung'ae. Upinde kuelekea upande wa kurushia, nyuzi 25 hivi kwa kuanzia.

10. Kata kifuko cha jinzi, sm 16 kwa 10, ukibane pande mbili kwa kamba. Kamba ya kwanza ifungwe moja kwa moja kwenye kijicho kilicho chini ya ncha ya boriti. Ya pili iishie kwenye pete ndogo, na pete hiyo ivishwe kwenye msumari bila kufungwa. Kutoka ncha ya boriti hadi katikati ya mpira iwe sm 60. Kamba mbili zikitofautiana urefu, mpira utatoka upande.

11. Skrubu kijicho chini ya boriti, sm 10 kutoka nchani, na viwili kwenye ubao wa njia pale boriti inaposhukia. Teremsha boriti mpaka ncha iguse ubao, panga vijicho vitatu kwenye mstari, kisha pitisha msumari wa inchi 4 katikati yake. Fungia msumari huo kamba ya mita 3. Ukiuvuta, umefyatua.

Kombeo linalazwa kwenye ubao likielekea *mbele*, chini ya makopo. Anayeiona mara ya kwanza hudhani amekosea, lakini ndivyo ilivyo. Mpira unaburutwa nyuma kwanza, unapanda, unazunguka juu, ndipo unatoka mbele.

Kabla ya mtupo wa kwanza, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya mtambo. Nyuma ni hatari kweli, kwa sababu pete ikichomoka mapema mpira unarudi huko. Mfyatuaji asimame ubavuni, kamba yote ya mita 3 ikiwa imenyooka. Usifyatue kamwe bila kombora: nishati isipopata pa kwenda inaishia kwenye boriti na ekseli. Na usibadilishe mpira kwa jiwe kwa sababu tu mtambo ni mdogo na kuutega ni rahisi. Kushusha boriti kunahitaji nguvu ya kilo moja na ushei tu, wepesi unaowadanganya wengi.

Kinachotokea ndani ya nusu sekunde

Msumari unapochomoka, uzito unaanza kuanguka na boriti inazunguka ikiburuta kombeo. Mwanzoni nishati nyingi iko kwenye boriti. Kisha kombeo linajifungua na kuizidi boriti mbio, kama kiboko kinavyolipuka nchani baada ya mkono kusimama. Linapojifungua linaivuta ncha ya boriti na kuipunguza kasi, na hapo nishati ya boriti na ya makopo inahamia kwenye mpira. Mtupo mzuri unaonekana hivi: mpira unapotoka, boriti iko karibu wima na imekaribia kusimama, makopo yako chini kabisa na yametulia.

Chukua video kwa simu, uitazame polepole. Makopo yakiwa bado yanapepesuka kwa nguvu baada ya mpira kuondoka, nishati imebaki kwako. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho.

Kurekebisha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na urushe mara tatu kabla ya kuamua. Mtupo mmoja hauaminiki.

Mpira ukienda juu sana au nyuma, pete imechomoka mapema. Pinda msumari zaidi kwa nyuzi 5, au refusha kombeo kwa sm 2. Ukijipiga chini mbele ya mtambo, pete imechelewa: nyoosha msumari kidogo au fupisha kombeo. Anza na msumari, kwa sababu urefu wa kombeo unabadilisha pia namna nishati inavyohama, si wakati wa kuachia peke yake. Kombeo fupi mno hugeuza mtambo kuwa wenzo wa kawaida, na lile refu mno halimalizi kujifungua kabla boriti haijapita wima.

Mpira ukitoka safari moja juu na nyingine chini bila wewe kugusa chochote, tazama msumari. Mara nyingi una kutu au mchubuko, na pete inakwama. Ukitoka kando kila mara, kamba za kombeo hazilingani, au boriti inacheza kwenye ekseli, ongeza washa.

Mtambo ukishatulia, pima umbali. Mita 20 kati ya 49 ni kama asilimia 41, na hapo ujue kuwa hewa nayo imezuia mpira, kwa hiyo kiasi kilichoingia kwenye kombora ni zaidi ya hicho. Jaribu kisha kuongeza uzito wa mpira hadi gramu 114 kwa kuutoboa, kuujaza mchanga na kuuziba kwa gundi. Dari inashuka nusu, mita 24 na nusu, lakini umbali halisi hautashuka nusu. Kombora zito linakwenda polepole, linaipa boriti muda wa kukabidhi nishati, na hewa hailiyumbishi sana. Ndiyo maana wenye manjaniki kubwa walipendelea kurusha mawe mazito kuliko kutafuta umbali mkubwa. Walioizingira Xiangyang, mji wa China, kwa ajili ya Kublai Khan, mtawala wa Wamongoli, mpaka ikaanguka mwaka 1273, wakiwa na mitambo iliyoundwa na mafundi Waislamu Ismail na Alauddin, hawakuhitaji kurusha mbali. Walihitaji kuubomoa ukuta.

Ukitaka kuongeza kitu kimoja zaidi, funga magurudumu. Fremu inayoweza kwenda mbele na nyuma huacha uzito uanguke wima zaidi, na ncha ya boriti inapata msukumo wa ziada. Kombora likitoka, fremu itasogea, kwa hiyo usimame mbali zaidi.

Ghala la kusokota

Hapa nishati inakaa ndani ya nyuzi zenyewe zinaponyooshwa. Heron wa Aleksandria, mhandisi wa Kigiriki wa kale, anataja kano za mabega na mgongo wa wanyama wote isipokuwa nguruwe. Nywele nazo zilifaa: wanawake wa Karthago walikata zao mwaka 149 KK mji ulipokuwa ukijiandaa kwa vita vya mwisho na Roma. Kwetu, kamba ya nailoni ya mm 3 inatosha.

Unda mtambo wa mkono mmoja, aina ambayo Waroma waliiita onager, yaani punda mwitu. Chukua mbao mbili ngumu za 2×4, urefu sm 35, ziunganishe sambamba kwa nafasi ya sm 12. Katikati ya kila moja toboa tundu la mm 25 na ulainishe kingo zake. Kingo kali hukata nyuzi kabla hujapata mtupo wa tano. Nje ya kila tundu weka washa kubwa, na juu yake bolti ya mm 10 yenye urefu wa sm 7 ikiwa imelala. Zungusha mita 6 za kamba kutoka bolti moja hadi nyingine, ukivuta kila mzunguko kwa nguvu ileile. Chomeka mkono wa sm 25 katikati ya kicha, nusu ya nyuzi mbele yake na nusu nyuma.

Halafu sokota. Zungusha bolti ya kulia robo mzunguko, kisha ya kushoto robo, na kuendelea kwa zamu. Ukiutazama mtambo kutoka upande mmoja, bolti zote mbili lazima zizunguke mwelekeo mmoja. Zikipingana, nusu moja ya kicha inasukuma mkono mbele na nyingine inaurudisha. Zuia kila bolti kwa msumari. Pete za shaba za mitambo halisi, kama zile zilizochimbuliwa Ampurias, Uhispania, mwaka 1912, zina matundu mengi kuzunguka ukingo kwa kazi hiyohiyo.

Mkono unahitaji kizuizi cha kuupiga breki ukifika wima, nacho kiwe na mto. Ammianus Marcellinus, aliyekuwa mwanajeshi wa Kiroma katika karne ya 4, anaeleza gunia lililojazwa makapi; makapi ya mpunga yanafanya kazi vilevile leo. Anaonya pia kwamba mtambo huu usiwekwe juu ya ukuta wa mawe, maana mshtuko wake unaubomoa ukuta huo. Uwekwe juu ya lundo la majani na udongo. Kizuizi hiki ndicho udhaifu mkubwa wa onager. Manjaniki ya uzito hujisimamisha kwa kukabidhi nishati kwa kombora. Onager hugonga gunia, na kinachobaki mkononi kinaishia kwenye makapi.

Kupima nishati yake kunahitaji mizani ya ndoano, kwa sababu nguvu inaongezeka kadiri unavyovuta. Fungia ndoano kwenye ncha ya mkono na usome kila baada ya sm 5. Tuseme umesoma kilo 1, 1.5, 2, 2.5 na 3. Chukua wastani wa kila pengo: 1.25, 1.75, 2.25 na 2.75. Jumla ni 8. Zidisha kwa mita 0.05, kisha kwa 9.8, upate jouli 3.9. Angalia kwamba mwanzoni kabisa kulikuwa na kilo 1 tayari. Hiyo imetokana na kusokota kabla ya kuvuta, na bila hiyo sehemu ya kwanza ya safari ya mkono ingekuwa bure. Ndiyo sababu mafundi wa kale walizinyoosha nyuzi kwenye fremu maalumu mpaka unene wake upungue theluthi moja, kabla hata ya kuanza kusokota.

Ukubwa wa kicha haukukisiwa. Philo wa Byzantion, mhandisi wa Kigiriki, katika karne ya 3 KK aliandika kanuni: chukua uzito wa jiwe kwa mina (kipimo cha uzito cha Wagiriki), zidisha kwa 100, tafuta kipeuo cha tatu, ongeza moja ya kumi, jibu ni kipenyo cha tundu kwa vidole, kidole kimoja kikiwa karibu sm 1.9. Jiwe la mina 10, yaani kilo 4.4 hivi, linataka tundu la vidole 11, sawa na sm 21. Jiwe la mina 80 linataka vidole 22. Uzito umekwenda mara nane, tundu mara mbili tu. Sababu ni kwamba vipimo vyote vya mtambo vilitokana na tundu hilo. Ukikuza kila kipimo mara mbili, ujazo wa nyuzi unakuwa mara nane, na nishati inayoingia inafuata ujazo huo.

Mitambo ya vicha viwili iliongeza shida ya kuvilinganisha. Kicha kimoja kikizidi, mkono wake unatangulia na mshale unatoka upande. Vitruvius, mhandisi wa Kiroma, anashauri kuvigonga na kusikiliza: vikitoa sauti moja, vimelingana. Nailoni nayo inaimba vizuri tu, na sikio lako litakamata tofauti ambayo mizani ya bei rahisi haiioni.

Kicha kikianza kulegea baada ya mitupo mingi, usikimbilie kukisokota zaidi. Philo aliliona kosa hili na kulilaumu: msokoto wa ziada unarudisha ukakamavu, lakini nyuzi zimeshachoka na hazirudi nyuma kwa wepesi, kwa hiyo mtambo unakuwa mgumu kutega na dhaifu kurusha. Kifungue chote, zinyooshe nyuzi upya kwa kuzining'iniza na uzito, uzikague kama kuna zilizochubuka kwenye kingo, kisha ukisokote tena kwa robo mizunguko. Kano halisi huharibiwa pia na unyevu, na nailoni hudhoofika juani, kwa hiyo mtambo ukae kivulini. Na kabla ya kuuhifadhi, ondoa misumari ya kuzuia ukiwa umeishika bolti kwa koleo, urudishe robo moja moja kila upande kwa zamu mpaka mkono ucheze wenyewe.